Aliyeachwa wazi: Green, Battier na Diaw katika fainali mbili

Kwa mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa, michezo ya fainali za NBA huanza kama saa kumi alfajiri. Ndiyo maana mabishano yetu mengi huishia kwenye namba: wengi hatukuuona mchezo, tuliukuta umeshageuka jedwali kwenye simu. Na jedwali la mchezo wa saba wa fainali ya 2013, Miami Heat dhidi ya San Antonio Spurs, halikuwa na huruma. Danny Green wa Spurs alitupa mara 12, ukaingia mtupo mmoja. Shane Battier wa Heat alitupa mara 8, yote kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, ikaingia 6. Heat wakashinda 95-88 na kubeba kombe.

Siku tisa kabla, katika mchezo wa tatu, Green huyohuyo alifunga vikapu 7 vya pointi tatu na kumaliza na pointi 27, Spurs wakiwafumua Heat 113-77. Battier wakati huo alikuwa karibu asahaulike. Nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa na Mike Miller. Kijiweni hukumu ilitoka mapema: Green alitetemeka ukubwa wa siku ulipomfikia, Battier ana roho ya paka.

Sikubaliani na hukumu hiyo, na si kwa sababu ya kumhurumia Green. Wachezaji wa aina yao ni wa kazi maalumu: mmoja kulinda na kutupa kutoka mbali, mwingine kuzuia na kugombea ribaundi. Kwa nyota kama LeBron James, namba ya mwisho wa mchezo inaeleza yeye alifanya nini. Kwa mchezaji wa kazi maalumu, mara nyingi namba hiyo inaeleza wapinzani waliamua nini juu yake. Green na Battier walikuwa wakifanya kazi ileile kwa namna ileile. Kilichohama ni uamuzi wa watu wengine kuhusu nani aachwe wazi.

Tuanze na Green, kwa sababu ndiye aliyeanza kuachwa.

Miami chini ya Erik Spoelstra walilinda kwa pupa. Tony Parker alipodunda mpira kuelekea katikati, na Tim Duncan akaja kumziba mlinzi wa Parker, timu nyingi zingemwacha mchezaji wao mrefu abaki nyuma kulinda kikapu. Heat hawakufanya hivyo. Mlinzi wa Duncan, mara nyingi Chris Bosh, aliruka mbele akaungana na mwenzake, wakawa wawili kwa mmoja. Hapo inaingia hesabu ya darasa la pili: wawili wakimfuata mmoja, nyuma wanabaki watatu kulinda wanne. Heat waliishi na pengo hilo kwa sababu walikuwa na miguu. LeBron, Dwyane Wade na Battier waliweza kukimbia kutoka mtu hadi mtu kabla pasi ya pili haijafika.

Spurs walijua kuwa mpira husafiri haraka kuliko miguu. Parker anampa Duncan, Duncan anapoanza kuingia mtu mmoja wa pembeni lazima amkabili, na yule aliyeachwa na huyo wa pembeni ndiye anayepata mpira. Mara kwa mara alikuwa Green. Wakati mwingine alipatikana kwa njia rahisi zaidi: Spurs wakishambulia kwa kasi, walinzi wa Heat walirudi mbio hadi chini ya kikapu kumwahi Parker, Green akasimama kwenye mstari bila mtu.

Vipimo vya uwanja navyo vilimsaidia. Mstari wa pointi tatu wa NBA uko mita 7.24 kutoka kikapuni ukiwa mbele, lakini kwenye kona ni mita 6.7 tu. Nusu mita na kitu, malipo yaleyale ya pointi tatu. Ndiyo maana kila kocha wa ligi ile humtuma mtu akasimame kona, hata kama mtu huyo hataugusa mpira kwa dakika nzima.

Baada ya michezo mitano Green alikuwa na vikapu 25 vya pointi tatu, amevunja rekodi ya Ray Allen, aliyefunga 22 katika fainali ya 2008 akiwa na Boston Celtics. Allen alikuwa benchi la Heat akishuhudia. Na huyu Green ni nani? Alichaguliwa wa 46 mwaka 2009, katika uteuzi uleule ambao Hasheem Thabeet wetu alichukuliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Cleveland wakamwacha, Spurs wenyewe wakamwacha kisha wakamrudisha, akapitia ligi ndogo na hata Slovenia. Mtu wa historia hiyo haogopi mchezo wa saba. Alishaogopa vya kutosha alipokuwa hana kazi.

Kilichotokea kati ya mchezo wa tano na wa sita ni kwamba Heat walibadili nani wa kuachwa wazi. Mlinzi wa Green akaacha kwenda kusaidia katikati. Duncan akiingia, apambane na aliye mbele yake, basi. Bei ya uamuzi huo ilionekana palepale: katika mchezo wa sita Duncan alipata pointi 25 kabla ya mapumziko na kumaliza na 30 pamoja na ribaundi 17. Heat waliilipa. Duncan wa miaka 37 akifunga mbili mbili kwa jasho ni hasara inayovumilika, Green akifunga tatu tatu bila jasho ni msiba. Katika michezo miwili ya mwisho Green alipata vikapu 2 katika mitupo 19.

Watu hukumbuka mchezo wa sita kwa kikapu cha Ray Allen, na wana haki. Spurs walikuwa mbele kwa pointi tano zikibaki sekunde 28. Kocha Gregg Popovich alimtoa Duncan ili aweke watu wepesi wa kulinda mstari, Bosh akaudaka mpira uliokosa, Allen akarudi kinyumenyume hadi kona ya kulia bila kuangalia miguu yake, 95-95, sekunde 5.2. Mimi hurudia zaidi picha ya mwisho wa muda wa nyongeza. Heat wako mbele 103-100, Green anapokea mpira konani, mahali palepale alipokuwa akijilia kwa wiki nzima, na mkono wa Bosh unatua juu ya mpira kabla haujapaa. Bosh alimaliza usiku ule bila kumwacha Green, hata pale ambapo kumwacha kungekuwa kawaida kwa mtu wa urefu wake.

Sasa upande wa pili wa shilingi, yaani Battier.

Popovich naye alikuwa na uamuzi wa kufanya, na ulifanana na wa Spoelstra kama pacha. LeBron na Wade wakiachiwa njia ya kuingia ndani, mchezo umekwisha. Kwa hiyo Kawhi Leonard alimlinda LeBron akiwa hatua mbili nyuma, akimwalika atupe kutoka mbali, na mlinzi wa Battier aliweka mguu mmoja ndani ya eneo la chini ya kikapu. Kwa karatasi ilikuwa sahihi. Battier alikuwa na miaka 34 na hakuwa akiingiza mtupo kwa wiki kadhaa. Kama lazima umwache mtu, unamwacha yule.

Battier alikuwa mtu wa ajabu kumwacha, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 2009 mwandishi Michael Lewis aliandika makala ndefu juu yake katika gazeti la New York Times, akieleza jinsi timu aliyochezea, wakati huo Houston Rockets, ilivyokuwa bora kila alipokuwa uwanjani ingawa jedwali halikuonyesha chochote. Alikuwa akisoma takwimu za mpinzani kabla ya mchezo na kumsukuma Kobe Bryant kwenye vipande vya uwanja ambako Kobe alikuwa akikosa zaidi. Hakujaribu kuuzuia mpira. Aliweka kiganja mbele ya macho ya mtupaji. Kazi ya aina hiyo haina safu yake kwenye jedwali. Basi usiku ambao jedwali lilimpa haki yake, lilimpa kwa jambo ambalo hakuwa akijulikana nalo sana.

Mitupo sita ile iliamua kombe, na hapa hesabu inasema wazi. Pointi 95 za Heat: LeBron 37, Wade 23, Battier 18, Mario Chalmers 14, Chris Andersen 3. Hakuna mwingine. Bosh alipata sifuri, Allen sifuri, Miller sifuri. Spurs walikuwa wameweza kuwafuta watatu kati ya watu hatari zaidi wa mitupo wa Miami. Mpango ulifanya kazi karibu wote, isipokuwa kwa yule waliyemchagua kumwacha, na kwa LeBron, ambaye aliukubali mwaliko wa kutupa kutoka mbali akafunga pointi tatu mara tano. Na zikibaki kama sekunde 50, Heat wakiongoza kwa pointi mbili, Duncan alipata mpira karibu na kikapu mbele ya Battier, aliye mfupi kuliko yeye kwa inchi kadhaa. Akakosa, akaurudishia, ukakosa tena. Wapo wanaosema ni bahati mbaya ya Duncan. Mimi naona kiganja.

Ukiwalinganisha wawili hawa kwa fainali ile, swali la nani hutupa vizuri zaidi halina uzito. Kwa michezo mitano ya kwanza jibu ni Green bila ubishi. Swali lenye uzito ni hili: ukimnyang'anya huyu kitu chake kimoja, anabakiwa na nini? Battier alibakiwa na ulinzi. Green naye alikuwa mlinzi hodari, lakini alipolazimishwa kuweka mpira chini na kuingia ndani, alionekana kama dereva wa daladala aliyepewa meli. Baadhi ya mitupo yake 12 ya mchezo wa saba ilikuwa ya aina hiyo, ya karibu na ya kubabaisha.

Mwaka uliofuata timu zilezile zilikutana tena. Miami walikuwa wamemwachia Miller Julai 2013 ili kupunguza kodi inayotozwa timu zenye mishahara mikubwa, na Battier alikuwa akimalizia mwaka wake wa mwisho. Spurs walirudi na watu walewale karibu wote. Tofauti waliitafuta kwa Mfaransa mnene kidogo aliyekuwepo tangu 2012.

Boris Diaw ni mtoto wa Élisabeth Riffiod, nyota wa kikapu wa Ufaransa, na baba Msenegali aliyekuwa mruka juu. Machi 2012 aliachwa na Charlotte Bobcats, timu iliyomaliza msimu ule kwa kushinda 7 na kupoteza 59. Timu mbovu kiasi hicho ikaona haina kazi naye! Penye miti hapana wajenzi. Rafiki yake wa ujanani, Parker, alikuwa San Antonio, naye akaenda.

Kuanzia mchezo wa tatu wa fainali ya 2014 Popovich alimwanzisha badala ya Tiago Splitter. Turudi kwenye ile hesabu ya wawili kwa mmoja. Heat wanamvamia Parker, mpira unatoka hadi katikati, na anayeupokea sasa ni mtu mwenye jicho la mpangaji. Diaw hakuwa na haraka. Akiachwa, alitazama. Akikabiliwa na mfupi, alimgeuzia mgongo na kumsukuma taratibu hadi mtu wa pili aje, kisha pasi ikaondoka kwenda kwa yule aliyeachwa na huyo wa pili. Kumwacha Diaw wazi hakukuwapa Heat faida yoyote, kwa sababu hakuwa akiutamani mtupo. Katika mchezo wa nne alipata pointi 8, ribaundi 9 na pasi za mwisho 9. Kwa fainali nzima wastani wake ulikuwa pointi 6.2 na pasi za mwisho 5.8, ni namba ambazo kijiweni zisingemnunulia hata chai. Spurs walishinda 4-1, kwa tofauti ya wastani wa pointi 14 kwa mchezo, na Leonard akawa mchezaji bora wa fainali.

Na Green? Heat walimkumbuka vizuri. Walinzi wao walimkimbilia kwenye mstari kana kwamba ana deni lao, hawataki kurudia yale ya mwaka uliopita. Katika mchezo wa tatu, Spurs walipoweka rekodi ya fainali kwa kuingiza asilimia 75.8 ya mitupo katika nusu ya kwanza, Green aliwaacha wapite mbele yake wakiwa hewani, akaweka mpira chini, akaingia. Alitupa mara 8, ikaingia 7, pointi 15. Kati ya vikapu hivyo 7, cha pointi tatu kilikuwa kimoja.