Siku 60 za OMS zinahesabiwa kuanzia wapi?

Wandugu, kila mwezi wa kumi tunaona utepe wa rozi, maandamano, tisheti, picha. Mama anaambiwa: jipapase titi, ukisikia uvimbe kimbia hospitali. Sawa. Lakini akifika huko anakuta nini? Nilisoma na swali hilo kichwani mpango wa OMS juu ya kansa ya titi, ule wa mwezi wa pili 2023.

Mpango unashika namba tatu. Asilimia 60 ya kansa zigunduliwe zikiwa hatua ya 1 ao ya 2. Ugonjwa ujulikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa ajitokeze. Asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu. Vifo vikipungua asilimia 2.5 kila mwaka, watu milioni 2.5 wataokoka mpaka 2040. Ni malengo mazuri, na mpangilio wake ni wa akili: haukuanza na mashine.

Shida yangu iko kwenye hizo siku 60. "Ajitokeze" wapi? Kwetu mama anaanzia kituo cha afya. Kama ananyonyesha, ataambiwa ni maziwa yameganda, apewe antibiotiki, arudi nyumbani. Miezi inapita. Siku anafika hospitali kuu ndipo daftari linaandika siku ya kwanza! Kwa karatasi tuko ndani ya siku 60, na uvimbe umeshatoboa ngozi.

Halafu kuna biopsi, na hapa ndipo watu wengi hawaongei. Kipande kinatolewa, kinatiwa ndani ya formalini, kinahitaji patolojia wa kukisoma. Mara nyingi kinasafiri mpaka mji mwingine, na jamaa njo inalipa. Tena kusema tu "ni kansa" haitoshi: lazima kujua kama ina vipokezi vya homoni. Tamoksifeni, dawa ya kumeza kila siku kwa miaka 5 ao zaidi, iko kwenye liste ya OMS ya dawa za lazima na bei yake si kali. Lakini inasaidia tu kansa yenye vipokezi hivyo. Bila labo munganga anabahatisha, na mgonjwa analipa bahati ile.

Wengine watasema: tuletee mamografi. Mimi napinga. Kule Mumbai, wanawake karibu 150,000 walifuatwa kwa miaka 20. Nusu walipimwa titi kwa mkono kila miaka 2, na watu waliofundishwa kazi hiyo. Kansa ziligunduliwa mapema zaidi, na kwa wenye miaka 50 na zaidi vifo vilipungua karibu asilimia 30. Kwa mkono tu! Jirani zetu wa Rwanda, kule Burera karibu na hospitali ya Butaro, walifundisha wauguzi wa vituo vya afya kupima titi. Njo kusema muuguzi yule wa antibiotiki ndiye wa kuanzia.

Na zile asilimia 80? Mama ambaye hakuanza matibabu juu ya feza, ao juu bwana amekataa titi likatwe, haonekani kwenye hesabu kama daftari linaandika tu wale walioanza. Hata aliyeanza anaweza kukwama katikati: 2016 mashine moja tu ya radioterapi ya Uganda, kule Mulago, iliharibika, na kuibadilisha kulichukua zaidi ya mwaka. OMS inajua mambo haya, inayagusa. Lakini inaongea na ministere kuliko na mwenye kulipa.

Ninyi wa médecine na wa santé publique munaotafuta sujet ya TFC: chukueni madaftari ya zoni moja ya afya. Andikeni tarehe mama alikanyaga kituo mara ya kwanza, na tarehe jibu la biopsi lilirudi. Ao kama halikurudi.