Neno "Kawaida" katika Elimu ya Takwimu

Wafasiri wa hesabu huuita mchoro wenye umbo la kengele "mgawanyo wa kawaida". Tafsiri hii yafuata neno la Kiingereza, lakini yapotosha maana. Karl Pearson, aliyelieneza jina hilo, alikiri mwaka 1920 kuwa lina kasoro: huwafanya watu wadhani kwamba migawanyo mingine yote ina ila. Katika Kiswahili kasoro hiyo huzidi, maana "kawaida" ni desturi, na kisicho cha kawaida hutiliwa shaka.

Mfano ni Katumba, Mpanda, makazi yaliyofunguliwa kwa wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Vimo vya wanaume wazima vyatarajiwa kukaribia kengele: kama 68 katika kila 100 huwa ndani ya mkengeuko sanifu mmoja kutoka wastani, na 95 ndani ya miwili. Muda wa kuishi makazini haufuati kanuni hiyo. Waliofika mwanzoni wamerundikana kwenye ukomo usiopitika; waliozaliwa baadaye wametawanyika chini yake. Wastani wao waweza kuangukia mahali penye watu wachache.

Je, watu hao si wa kawaida? Kwa waliongoja uraia wa Tanzania hadi ulipotangazwa mwaka 2014, swali hilo si dogo. "Mgawanyo wa kengele" nalo halitoshi, kwani kuna migawanyo mingine yenye umbo hilo. Bora kusema "mgawanyo wa Gauss": jina hilo hutambulisha, wala halihukumu.