Riwaya ya Kitereza na Ndoa Iliyokosa Mtoto

Wanafunzi wetu wengi hupenda riwaya ndefu za kigeni zinazosimulia falme za kubuni, wala hatuwalaumu. J. R. R. Tolkien, katika The Lord of the Rings iliyotoka kwa mabuku matatu mwaka 1954 na 1955, alijenga ulimwengu mzima wenye lugha, nasaba na milima yake. Lakini miaka kama kumi kabla ya hapo, katika kisiwa cha Ukerewe, kaskazini ya mji wa Mwanza, Mkatoliki mwingine wa rika lake alikuwa amekwisha kumaliza kazi yenye upana wa namna hiyo. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na Mapadre Weupe, alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Tolkien alibuni lugha kwanza, kisha akazitafutia watu wa kuzisema. Kitereza alikuwa na lugha na watu wake, akahofu kwamba desturi zao zitasahauliwa.

Maandishi hayo yalikaa miaka mingi bila mchapishaji. Hatimaye mtunzi aliyafasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakayatoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla hajakishika kitabu chake mkononi.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke. Wazazi wake, Namwero na Nkwanzi, wanaona aibu hiyo haivumiliki na kumrudisha nyumbani kwao. Mume anabaki peke yake na jiko lake. Anakwenda ukweni kuomba, anatozwa fidia ya pombe ya ndizi, na mke anarudi. Ndipo mganga Kibuguma anapoingia, na baadaye watoto wawili wanazaliwa.

Msomaji anayetafuta vita na mazimwi hatavipata. Atapata maamkizi marefu, kilimo, uvuvi, matanga, na maelezo ya kutengeneza pombe yaliyo kamili kiasi kwamba mtu angeweza kuyafuata (jambo ambalo hatuwashauri watahiniwa wa uchungaji). Wapo wanaosema kurasa hizi zingepunguzwa. Sisi hatukubaliani nao. Mtu aliyepokonywa mke hangoji katika sura moja fupi. Hungoja huku ndizi zikiiva na mashamba yakidai jembe, na mtunzi anatungojesha pamoja naye. Tunachokilalamikia ni kingine: watoto wanapokua, usimulizi hulegea, na visa vya Ntulanalwo na Bulihwali havikushikana kama vile vya wazazi wao. Aidha, shauri la kumrudisha Bugonoka husemwa zaidi na wanaume, na tungependa kumsikia yeye mwenyewe kwa kirefu.

Hata hivyo kitabu hiki kinagusa jambo ambalo sisi wahudumu huliepuka. Ni mara ngapi, katika sharika zetu za kandokando ya ziwa, ndoa iliyofungwa mbele ya madhabahu imevunjwa na mashangazi kwa sababu ya utasa, nasi tukakaa kimya? Myombekere hakuwa na kiapo cha kanisani, lakini hakumwacha mkewe. Elkana wa 1 Samweli alimpenda Hana, ila nyumbani alikuwa na mke wa pili mwenye watoto. Naye kuhani Eli alipomwona Hana akiomba kwa uchungu, alimdhania amelewa. Kitereza anamwonyesha mganga wake bila dhihaka na bila kumtukuza. Hatulazimiki kuyapokea matibabu ya Kibuguma ili tukubali kwamba wenye uchungu walijua mlango wa kubisha, na kujiuliza kama wanaujua ule wetu.

Mtunzi aliyajua haya kwa mwili wake. Yeye na mkewe Anna waliwazika watoto wao wakiwa bado wadogo. Ajabu ni kwamba katika kitabu kikubwa kama hiki, Mkristo huyu hakuhubiri. Aliiacha dunia ya mababu iseme kwa kinywa chake, na uchungu wake akauweka katika majina. Ntulanalwo ni mtu anayekaa na kifo siku zote. Bulihwali ni swali, kwamba huzuni itakwisha lini. Zaburi ya 13 huanza na swali la jinsi hiyo hiyo, nasi huisoma ibadani bila wasiwasi. Lakini mzazi akimleta binti mwenye jina kama hilo kwenye kisima cha ubatizo, wengi wetu tutamshauri achague Neema au Furaha.