Dozi ya Paka Haiamuliwi Asubuhi

Paka mwenye kisukari anayeishi kwenye fleti ya Buruburu au Umoja huchomwa insulini mara mbili kwa siku, saa 12 zikipita kati ya sindano na sindano. Kuchoma kwenyewe ni kazi ndogo. Sindano ni nyembamba, ngozi ya mgongoni huvutika kwa vidole viwili, na paka aliyeinamia sahani yake mara nyingi hata hageuki. Ugumu uko kwenye kujua ni kiasi gani cha kuvuta. Mwenye paka hupima sukari alfajiri kabla ya sindano, akaona 18, akaongeza. Siku ya pili anaona 19, anaongeza tena. Hivyo ndivyo paka anavyoporomoshwa sukari na mtu anayempenda.

Tuchukue mfano wa dume aliyehasiwa, kilo 5, anayepata uniti 1 ya insulini ya glargini. Jumamosi saa 1 asubuhi sukari yake ni milimoli 18.2 kwa lita. Saa 3 ni 14.0, saa 5 ni 9.4, saa 7 mchana ni 7.1. Kisha inaanza kupanda: saa 9 ni 10.2, saa 11 ni 14.6, na saa 1 usiku imerudi 17.8. Namba ya kwanza na ya mwisho zinatisha, lakini dozi haisomwi hapo. Inasomwa pale sukari iliposhuka chini kabisa. Mwongozo wa AAHA, chama cha hospitali za wanyama cha Marekani, wa mwaka 2018, unataka kiwango hicho cha chini kiwe kati ya 4.5 na 8 hivi. Huyu ana 7.1, basi habadilishiwi kitu. Kumwongeza ni kuibomoa ile 7.1 ya saa 7 mchana, saa ambayo Jumatatu mwenyewe atakuwa kazini Industrial Area na mlango umefungwa kwa kufuli.

Kama saa 7 ingeonyesha 13, na dozi haijaguswa kwa wiki nzima, hapo daktari wa mifugo angeruhusu nusu uniti zaidi. Ikionyesha chini ya 4.5, dozi hupunguzwa bila kusubiri wiki. Subira ya kuongeza ina sababu yake. Glargini ni maji yenye asidi; ikiingia chini ya ngozi, ambako hakuna asidi hiyo, huganda chembechembe na kuyeyuka polepole, na nguvu ya dozi mpya huchukua siku kadhaa kuonekana yote. Ndiyo maana pia haichanganywi na maji wala na insulini nyingine.

Vipimo hivi vinafaa zaidi nyumbani kuliko kliniki. Paka aliyetiwa kwenye kikapu, akapandishwa matatu hadi Kabete, akasikia mbwa wakibweka, hupandisha sukari kwa hofu tu. Sebuleni kwake, kitambaa chenye uvuguvugu kwenye ukingo wa sikio na tone moja la damu vinatosha. Mashine ya kupimia sukari ya binadamu hufanya kazi, ila kwa paka husoma chini kidogo kuliko ukweli, kwa kuwa sukari ya damu ya paka iko karibu yote kwenye majimaji na si ndani ya chembe nyekundu. Kosa hilo huelekea upande salama: mashine itakuonya mapema.

Kwamba watu wa kawaida wanaweza kazi hii, tunao ushahidi. Mwaka 2009 Kirsten Roomp na Jacquie Rand walichapisha matokeo ya paka 55 waliotibiwa kwa glargini, wenye paka wakipima majumbani mara kadhaa kwa siku na kusogeza dozi kidogo kidogo. Asilimia 64 ya paka hao waliacha kuhitaji insulini. Kati ya walioanza ndani ya miezi 6 tangu ugonjwa kugunduliwa, waliofika huko walikuwa asilimia 84, waliochelewa, 35. Pengo hilo ndilo linalonifanya nisisitize: anayeona paka anamaliza bakuli la maji na kulowesha mchanga wake kupita kawaida asingoje mwisho wa mwezi.

Sasa bomba la sindano, ambalo naliogopa kuliko namba zote hizo. Insulini ya binadamu kwenye maduka yetu ya dawa ina uniti 100 kwa mililita. Ile iliyotengenezewa wanyama, kama Caninsulin, ina 40. Kila moja ina bomba lake. Ukivuta ile ya 100 kwa bomba la 40 hadi alama ya 1, umempa uniti 2.5. Kwa paka, huo ni msiba. Na bomba la mililita 1 lina alama kila uniti 2, kwa hiyo nusu uniti humo ni kubahatisha. Litafutwe la mililita 0.3. Mixtard 30 nayo, hata kama ndiyo iliyopo dukani, si mbadala wa glargini: asilimia 30 yake ni insulini ya haraka.

Chakula husogeza dozi bila mtu kugusa bomba. Biskuti za paka hushikanishwa kwa wanga. Omena na matumbo hayana wanga wa kutajika. Mwezi ukifika kona, biskuti zikiisha, paka akahamia omena, uniti 1 ya jana yaweza kuwa nyingi leo. Akihamia ugali wa maziwa, yaweza kuwa haba. Siku ya kubadilisha chakula ni siku ya kupima mchana. Asiyekula kabisa hachomwi dozi nzima kabla daktari hajaulizwa, na ikiwa watu wawili nyumbani hawakumbuki nani amechoma, hachomwi tena hadi zamu inayofuata. Akiyumba au kutetemeka, apakwe asali kwenye fizi kwanza, simu baadaye.

Sukari ikianza kubaki chini hata kabla ya sindano, dozi hushushwa nusu uniti kwa nusu uniti, na baada ya kuachwa kabisa sikio liendelee kutobolewa kila wiki, kwa sababu kisukari cha paka huweza kurudi.