Boneti ya Herrmann Haikupaswa Kung'aa

Video ya ile modeli ya 1/24 ya Datsun 240Z mmeitazama, na najua wengi wenu mmeisifu. Mimi nimekwama sehemu moja: pale fundi anapolowesha msasa wa namba 2000 na kuanza kusugua boneti. Boneti nyeusi, ya gari lililoshinda East African Safari Rally mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Baada ya msasa ikaja dawa ya kung'arishia, ile ya chenga kwanza, kisha laini, kisha ya kumalizia. Halafu kamera ikashushwa hadi tukaiona taa ya mezani ndani ya boneti, umbo lake lote, hadi waya. Watazamaji wakashangilia. Kwangu kazi iliharibika hapo, na yote mazuri yaliyofuata hayakuweza kuiokoa.

Weusi ule haukuwekwa kwa urembo. 240Z ina pua ndefu kwa sababu ndani yake imelala injini ya L24, silinda 6 kwa mstari mmoja, cc 2,393, na dereva ameketi nyuma kabisa, karibu na ekseli ya nyuma. Kabla macho hayajafika barabarani yanapita juu ya boneti. Bodi ni nyekundu ya kung'aa. Boneti nayo ingeachwa vivyo hivyo, jua la asubuhi lingeigonga na kumrudia dereva usoni saa nzima, siku baada ya siku, kwenye barabara yenye mashimo, ng'ombe na madaraja ya mbao. Ndiyo maana ikapakwa nyeusi isiyong'aa. Na Safari haikuwa mchezo wa kupuuza vitu vidogo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, akiwa na 240Z vilevile, alimaliza akilingana pointi za adhabu na Harry Källström, akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Katika mbio za namna hiyo, dereva aliyepofushwa na boneti yake mwenyewe ameshapoteza.

Namwelewa fundi alivyofika pale, na hilo ndilo linaloniuma, maana nusu ya njia alikuwa sahihi. Stika za maji hazipendi rangi isiyong'aa. Ukizibandika juu ya uso mkavu wenye vinyweleo, hewa hunaswa chini yake na filamu inabaki na utando mweupe usiofichika. Kwa hiyo unapuliza klia (vanishi isiyo na rangi) ya kung'aa kwanza, unabandika, unalainisha kwa Micro Sol au Mark Softer mpaka stika ikae ndani ya mikunjo, halafu unafunga kwa klia tena. Hadi hapo hakuna neno. Lakini boneti ilikuwa bado inadai hatua moja: kuziba bodi nzima kwa tepu, kuacha boneti peke yake, na kuipuliza klia isiyong'aa, TS-80 ya Tamiya au yoyote ya aina hiyo, tabaka mbili nyepesi. Badala yake akashika msasa na kuipeleka boneti upande wa pili kabisa. Hakusahau. Katika video anasema waziwazi kwamba anataka "mng'ao ulingane gari zima". Hilo ni chaguo, na ni chaguo baya.

Hata weusi wenyewe ungehitaji kufikiriwa. Nyeusi tupu ya kopo, kwenye gari la 1/24, huonekana nzito kuliko gari lenyewe lilivyoonekana barabarani. Kwa gari lililopigwa jua na vumbi ningeanza na XF-69, ile NATO Black yenye ujivu ndani yake, kuliko XF-1, nyeusi tupu yenyewe.

Sasa klia. Nimelisema hili mara nyingi katika safu hii na nitalisema tena. Alitumia klia ya gereji, ya sehemu mbili, yenye kikaushio. Klia hiyo imetengenezwa kwa ajili ya gari la mita 4, nalo gari hili lina sentimita 17. Ukiweka tabaka la mikroni 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa kipimo cha 1/24 umeweka klia ya milimita 2.4 juu ya gari. Hakuna gari duniani lililopakwa hivyo. Mwanya wa mlango wa milimita 4 unakuwa milimita 0.17 kwenye modeli, kwa hiyo klia inaujaza kama uji. Simamisha video anapozungusha bodi, utazame mstari wa chini ya mlango wa kushoto: umebaki kivuli tu. Baadaye akaupitisha wino mweusi kuurudisha, wino ukashika hapa na kuteleza pale. Na mvuke wa kikaushio kile una isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, naye alipuliza ndani ya chumba bila barakoa yenye kichujio cha mkaa. Vijana wanaomwiga watafanya vivyo hivyo.

Lawama nyingine naiweka kwenye meza za mashindano ya modeli. Kwa miaka mingi majaji wamekuwa wakitoa alama kwa mng'ao wa kioo. Modeli ikiakisi taa za ukumbini, inapita; ikiwa na rangi inayofanana na gari la kweli, inaulizwa kwa nini haikumalizwa. Fundi huyu amejifunza kwa walimu hao.

Chasisi, viti, mikanda na vioo ni kazi safi isiyo na dosari ya kutajwa.

Vumbi je? Alichekecha udongo mwekundu wa kweli, wazo la kimapenzi ambalo hesabu haikubali. Chembe ya milimita 0.2, ambayo vidoleni huhisiwa kama mchanga laini, kwa 1/24 ni kokoto ya karibu milimita 5. Matao ya magurudumu yake yanaonekana yamebandikwa changarawe. Vumbi la murram kwenye modeli hupulizwa kwa brashi ya hewa, rangi ya udongo ya XF-52 iliyokorogwa na thina nyingi mno, na hupelekwa mahali vumbi linakokwenda: nyuma ya magurudumu, kando chini ya milango, na zaidi ya yote juu ya kioo na bampa la nyuma, kwa sababu gari la mkia wa kuteremka hunyonya hewa chafu nyuma yake. Yeye amelisambaza sawasawa pande zote. Na juu ya klia iliyosuguliwa namna ile, linaonekana limemwagwa juu ya gari lililotoka kuoshwa dakika ile.

Waliotangulia walijua kuanza na gari la kweli. Gerald Wingrove wa Uingereza, aliyejenga kwa 1/15 kila kitu kwa mkono wake hadi spoku za magurudumu, hakuanza na rangi. Alianza na kuulizia gari lenyewe lilivyoundwa na kwa nini. Michele Conti wa Torino alikuwa hivyo pia. Tamiya, walipotoa modeli ya Honda RA273 ya 1/12 mwaka 1967, waliweka bomba na waya ambazo mjengaji alilazimika kuelewa zinakwenda wapi. Siku hizi tuna sehemu za shaba zilizochongwa kwa asidi na stika kali kuliko zote zilizowahi kuchapwa, na mtu anazitumia bila kujiuliza dereva aliona nini kupitia kioo cha mbele.

Gari hili bado linaokoleka, na ningependa kuona akilirudia mbele ya kamera. Aondoe vumbi la boneti kwa maji na brashi laini. Aikwaruze boneti kidogo kwa sifongo ya msasa ili klia mpya ishike, akiziepuka stika. Azibe ukingo kwa tepu ya milimita 6, bodi iliyobaki kwa karatasi, apulize TS-80 kutoka sentimita 25, asubiri, apulize tena. Mistari ya milango iliyozama kwenye klia haitarudi kirahisi. Boneti itarudi.