Behewa la Nyama kwa Reli ya Same

Katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi imesimama injini ya mvuke namba 5930, na jina lililoandikwa ubavuni mwake ni la Upareni: Mount Shengena. Shengena ndicho kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Pare, ndani ya msitu wa Chome, wilayani Same. Injini hiyo ni moja kati ya 34 za daraja la 59 zilizojengwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na hakuna injini ya mvuke ya geji ya mita iliyowahi kuzizidi nguvu. Ndiyo maana wajenzi wa modeli za reli wakiitazama Afrika Mashariki huikimbilia injini kwanza. Mabehewa yaliyovutwa nyuma yake hupata jicho la haraka tu, na hilo ni kosa, kwa sababu historia ya biashara ya reli inasomeka zaidi kwenye behewa kuliko kwenye injini.

Behewa la nyama ni mfano mzuri. Ukilitazama kwa mbali ni sanduku lenye paa na milango. Ukilisogelea unakuta kila ubao umewekwa kupambana na mambo mawili: joto na mzigo unaoning'inia.

Joto linaeleweka haraka. Mzigo unaoning'inia ndio ulioleta ajali. Mwaka 1868 huko Detroit, Marekani, William Davis alisajili hataza ya behewa la kupoza ambalo nyama ilitundikwa juu ya mchanganyiko wa barafu na chumvi. Mfanyabiashara George Hammond aliyanunua mabehewa hayo na kusafirisha nyama hadi Boston. Tatizo lilijitokeza kwenye kona: robo za ng'ombe zilibembea zote upande mmoja, uzito ukahama, na mabehewa yakaanguka. Miaka kama kumi baadaye Gustavus Swift wa Chicago alimpa kazi mhandisi Andrew Chase, naye akabadili mpangilio. Barafu akaiweka juu, ili hewa baridi ishuke yenyewe kwa uzito wake, na nyama akaipanga chini ikiwa imebanana isipate nafasi ya kubembea. Kwa hatua hiyo moja, joto na uzito vilipata jawabu pamoja, na Chicago ikawa machinjio ya Marekani.

Uingereza walishughulika zaidi na mwendo. Nyama ya ng'ombe waliochinjwa bandarini Birkenhead ilipaswa kufika soko la Smithfield, London, kabla ya mabucha kufungua. Kampuni ya Great Western, ambayo tangu mwaka 1869 ilikuwa na kituo cha mizigo chini kabisa ya soko hilo, iliyaita mabehewa yake ya nyama Mica, jina fupi la kutumia kwenye simu za maandishi. Kulikuwa na aina za kupitisha hewa kwa nyama mbichi, zenye matundu mapana kwenye ncha, na aina zilizofungwa kabisa na kupozwa kwa barafu. Kwa kipindi kirefu zilipakwa rangi nyeupe ili zirudishe mwanga wa jua. Tofauti na mabehewa ya makaa yaliyojikokota siku nzima, haya yalifungwa breki za vakumu ili yaende kasi pamoja na treni za haraka. Kampuni kama Parkside na Slater's zimewalea wajenzi wa Uingereza kwa seti za plastiki za mabehewa ya jamii hii, na hapo ndipo mjenzi wa kwetu anapopata malighafi yake.

Lakini je, behewa la nyama lina haki gani ya kuonekana Same?

Jibu liko kwenye ramani. Reli ya Tanga ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, na mwaka 1911 ikafika Moshi baada ya kupita tambarare kavu chini ya milima ya Pare: Mkomazi, Hedaru, Makanya, Same, Lembeni, Kisangara, Kahe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza lilitandaza reli kutoka Voi kupitia Taveta ikaungana na hii karibu na Kahe. Kwa upande wa kusini hapakuwa na kiungo chochote na Reli ya Kati mpaka mwaka 1963, ilipofunguliwa njia ya kuelekea Ruvu. Maana yake ni hii: katika miaka ya 1950, behewa lililosimama Same lingeweza kufika Nairobi bila mzigo kushushwa, ila lisingeweza kufika Dar es Salaam kwa reli hata kidogo. Na tangu mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa shirika moja, hivyo mabehewa yalikuwa ya nyumba moja.

Sasa ufuate njia hiyo hadi mwisho wake. Kusini mwa Nairobi, kandokando ya reli kuu ya Mombasa, kipo kiwanda cha nyama cha Athi River, kilichoanzishwa na kampuni ya Liebig's miaka ya 1930 na baadaye kuwa makao ya Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1950. Kila injini ya daraja la 59 iliyofanya safari kati ya Nairobi na Mombasa ilipita hapo. Tanganyika nayo ilikuwa na Tanganyika Packers pale Kawe, lakini Kawe ilikuwa upande wa pili wa pengo lile la reli, na ng'ombe wa Reli ya Kati walisafirishwa wakiwa hai kuelekea Pugu. Kwa hiyo anayetaka kuweka behewa la nyama kwenye modeli ya kituo cha Same achague kipindi cha kati ya 1950 na 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na alichukulie behewa lake kuwa limeteremka kutoka Voi. Akitaka mandhari ya baada ya hapo, ajenge behewa la ng'ombe.

Kazi ya mikono inaanza na hesabu, na hapa ndipo wengi huharibu mapema.

Seti nyingi za Uingereza ziko kwenye skeli ya 1:76, kwa usahihi 1:76.2. Mita moja ikigawanywa kwa 76.2 inatoa milimita 13.1. Reli ndogo ya upana huo haiuzwi dukani. Iliyo karibu ni ya milimita 12, ambayo kwa skeli hiyo ni sawa na milimita 914, yaani geji ya futi tatu, pungufu kwa milimita 86 kuliko reli ya Tanga. Ukihamia skeli ya 1:87, mita moja inakuwa milimita 11.5, na ile reli ya milimita 12 inawakilisha milimita 1,044. Kosa linashuka karibu nusu. Tena reli hiyo inapatikana kwa urahisi, kwa kuwa Uswisi ina mtandao mkubwa wa geji ya mita na wajenzi wake wamekuwa wakiitumia kwa miongo mingi. Uamuzi wa busara, basi, ni kujenga Upare kwa 1:87.

Tatizo linalobaki ni kwamba seti iliyo mezani ni ya 1:76. Je, itupwe? Hapana. Bodi ya behewa la Kiingereza lenye upana wa futi 8 hutoka na milimita 32. Milimita hizo 32 zikisomwa kwa 1:87 zinakuwa mita 2.78. Reli zetu za geji ya mita hazikuwa nyembamba kwa umbo kama zilivyokuwa kwa njia: daraja la 59 lenyewe lilikuwa na upana wa futi 10, zaidi ya mita tatu. Behewa la mita 2.78 linakaa ndani ya nafasi hiyo bila kubanwa. Urefu wa futi 17 na nusu, ambao kwenye seti ni milimita 70, unasomeka kuwa mita 6.1, kipimo kinachofaa behewa la magurudumu manne. Anayetaka behewa la bogi anaunganisha bodi mbili kichwa kwa kichwa na kupata mita 12.2. Plastiki haijakatwa wala kupanuliwa. Kilichobadilika ni kipimo cha kuisomea, na hii ndiyo mbinu yenye faida kubwa kuliko zote katika kazi hii.

Ina gharama zake, na zote ziko kwenye vitu vidogo. Vishikio vya milango, ngazi na wenzo wa breki vinabaki vikubwa mno kwa mtu wa 1:87, ambaye akiwa na mita 1.70 hafiki milimita 20. Vinapaswa kukwanguliwa na kutengenezwa upya kwa waya mwembamba wa shaba. Magurudumu ya seti, milimita 12 na kitu, yanasomeka kuwa na kipenyo cha zaidi ya mita moja. Ya milimita 10 hadi 10.5 yanakaa vizuri zaidi, ila hushusha bodi, na inabidi kuongeza vipande vyembamba juu ya ekseli ili kurudisha kimo. Kisha kuna bafa. Mabehewa ya Kiingereza yana mbili kila ncha, kushoto na kulia. Ya kwetu yanaungana katikati. Behewa lililosafiri Voi hadi Kahe likiwa na bafa mbili za pembeni litajulikana kuwa la kigeni na mtoto yeyote aliyekulia karibu na stesheni. Zikatwe, ubao wa mbele usawazishwe kwa msasa, na kiungio kimoja kiwekwe katikati.

Kuunganisha kuta kunahitaji utulivu zaidi ya ustadi. Vipande vikatwe kwenye fremu yao kwa koleo kali, visivunjwe kwa vidole, na mabaki yaondolewe kwa tupa laini. Pembe ya kwanza ikiwa sawasawa kwa nyuzi 90, tatu zilizobaki zitatii. Ikienda upande, behewa zima litayumba kwenye reli. Gundi inayofaa ni ile ya majimaji inayoyeyusha plastiki yenyewe, ikiguswa kwa brashi upande wa ndani na kuachwa ipenye mshono. Mvuke wake ni hatari, madirisha yawe wazi. Mvuke huohuo una madhara ya pili yanayochelewa kuonekana: ukifungiwa ndani ya sanduku lililozibwa, huendelea kulainisha kuta, nazo baada ya wiki kadhaa hujipinda kwa ndani. Tundu la milimita tano kwenye sakafu linaumaliza ugonjwa huo. Kiambaza cha katikati, kisichoonekana na mtu, kinazuia kuta zisibonyee, na kwa behewa la bodi mbili hicho si cha hiari.

Somo la Davis linarudi kwenye uzito. Plastiki ni nyepesi, na behewa jepesi hutoka njiani. NMRA, chama cha wajenzi wa modeli za reli cha Marekani, kinapendekeza uzito ambao kwa behewa la milimita 70 ni kama gramu 67, na kwa la milimita 140 ni kama gramu 106. Uzito huo uwekwe sakafuni kabisa. Kwenye njia ya milimita 12, gramu ishirini zilizogandishwa karibu na paa zinatosha kuliangusha behewa ambalo lingesimama imara kama zingekuwa chini. Chubwi za kuvulia samaki zinafaa sana, ila zisigandishwe kwa gundi nyeupe ya mbao: risasi ikikutana nayo huota kutu nyeupe, huvimba, na baada ya mwaka mmoja au miwili inazipasua kuta. Gundi ya epoksi haina shida hiyo.

Rangi nyeupe ni ngumu kuliko nyeusi. Haifuniki kwa mkono mmoja, na anayeilazimisha huziba mistari ya mbao na matundu ya hewa, yaani vitu vyenyewe vinavyolitambulisha behewa la nyama. Rangi ya msingi iwe ya kijivu hafifu, kisha nyeupe nyembamba mara tatu, kila moja ikikauka usiku kucha. Nyeupe kavu kabisa inadanganya jicho. Tone moja la hudhurungi linaipa umri.

Halafu vumbi. Tambarare ya Same ina udongo mwekundu unaoshika kila kitu kilicho chini ya kimo cha magoti, kwa hiyo vumbi la modeli lianzie kwenye magurudumu na kuishia robo ya kwanza ya ukuta, likifuata upepo wa mwendo badala ya kusambazwa sawasawa. Udongo halisi, ukitwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa cha hariri, unashinda unga wowote wa dukani. Unaotoka upande wa Ugweno una tahadhari yake. Mafundi wa ukoo wa Washana waliyeyusha chuma kutokana na mchanga mweusi wa vijito vya huko, na majembe na silaha zao zilinunuliwa hadi Uchagani. Chembe hizo za chuma bado zimo ardhini. Zikiletwa kwenye modeli zinavutwa na sumaku ya mota ya injini, zinaingia kwenye meno ya gia na kuyatafuna. Udongo utandazwe kwenye karatasi, sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni ipitishwe juu yake mpaka isirudi na kitu, ndipo brashi ianze kazi.

Jaribio la mwisho lifanywe kabla ya herufi za shirika kubandikwa, kwa sababu herufi hazivumilii kushikwashikwa. Behewa lisukumwe kinyumenyume kwenye kona kali kuliko zote za modeli, likiwa katikati ya mabehewa mazito, mbele na nyuma. Likipanda reli, mkosaji kwa kawaida ni ekseli isiyo sambamba na mwenzake, na tiba yake ni kuiachia ncha moja ya behewa uhuru wa kuchezacheza nusu milimita juu na chini.