Tezi, Rovu na Kimeng'enya

Huko Tarime na Serengeti, ambako wengi huanza kunena Kikuria au Kingoreme kabla ya Kiswahili, msomaji hutarajia istilahi zijieleze zenyewe. Je, zajieleza? Mgonjwa huambiwa "ana tezi", ilhali kila shingo ina tezi ya thairoidi. Uvimbe wake ni rovu, na tuuite hivyo. "Kimeng'enya" nacho humpeleka msomaji tumboni, kwenye kumeng'enya chakula. Kumbe vimeng'enya viongozavyo homoni ya tezi hiyo huondoa atomi moja ya iodini katika molekuli yake: ikitoka pete ya nje, homoni hupata nguvu, ikitoka pete ya ndani, hupoozwa. Neno twaliridhia, tafsiri isiyoongeza maelezo hayo hatuiridhii.